Jinsi ya kupanga na kuezeka paa: anza na mteremko, bati baadaye

Wakuu, watu wengi wakimpigia fundi simu swali la kwanza ni bati, geji (unene wa bati) ngapi, rangi gani, bei gani, na hapo nyumba ishafika lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Naomba tuanze kwingine. Mteremko ndo unaoamua umbo la paa, mbao zitakazoingia na hata unaruhusiwa kuezeka kwa kitu gani, kwahiyo ukikosea hapo bati la bei mbaya halikusaidii kitu.

Hatua ya 1: Ijue mvua ya kwako
Wazee walilijua hili vizuri sana. Dodoma mvua ni chache, ndo maana tembe la Wagogo lina paa karibu bapa, miti imelazwa alafu udongo juu yake, na mchana ndani panakaa poa. Bukoba mvua ni nyingi, msonge wa Wahaya umesimama mkali na nyasi zinashuka hadi chini, maji hayapati nafasi ya kutuama. Unguja na Lamu kwenye nyumba za mawe walilaza boriti za mikoko na kumwagia chokaa na mawe, na vyumba vikatoka virefu vyembamba kwa sababu boriti inavuka kama mita 3 tu hivi. Sasa wewe uko Tukuyu unachukua ramani ya mtu wa Dodoma na paa lake la kulala, maji yatarudi nyuma yaingie ndani, sio kosa la fundi hilo.

Hatua ya 2: Chagua umbo
Mgongo wa tembo, yaani pande mbili, ni rahisi kujenga na lina maungio machache ya kuvuja. Paa la pande nne linakula mbao na kofia (bati za kufunika maungio ya juu) nyingi zaidi ila linastahimili upepo vizuri, kwa mtu wa pwani au uwanda wa wazi nalipendekeza hili. Banda hasara, upande mmoja tu, linafaa stoo, jiko la nje, fremu za biashara.

Alafu kuna paa la kujificha, kontempo, lililofichwa nyuma ya ukuta uliopandishwa, ambalo sasa hivi kila mtu analitaka. Ni zuri kwa macho, lakini maji yote yanashukia kwenye gata, yaani mfereji wa maji, iliyofichwa nyuma ya ukuta huo, majani ya mwembe yakiziba bomba moja tu usiku wa mvua, gata inajaa na maji yanashuka darini. Ukiamua kulijenga, toboa ukutani tundu la dharura chini kidogo ya ukingo wa gata ili maji yakizidi yatokee nje. Na gata iwe pana mtu aweze kusimama ndani akasafishe. Hayo mawili usikubali yaachwe, hata kama fundi anakwambia haina haja.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kimo
Pima upana wa nyumba, gawa kwa mbili, alafu zidisha kwa namba ya mteremko wako. Nyuzi 15 zidisha kwa 0.27, nyuzi 20 kwa 0.36, nyuzi 30 kwa 0.58, nyuzi 45 kwa 1. Nyumba ya upana wa mita 8 nusu yake ni 4, kwahiyo paa la nyuzi 30 litasimama kama mita 2.3 juu ya ukuta. Makuti na nyasi usishuke chini ya 45, vigae 30 ndo salama, bati la kawaida 15 na kuendelea.

Hatua ya 4: Sasa ndo bati
Namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba, kwahiyo geji 28 ni nene kuliko 30, na 32 ni laini sana kwa nyumba ya kuishi. Vigae vya udongo au zege vinaweza kupita kilo 40 kwa mita moja ya mraba wakati bati ni kama kilo 3, usibadilishe mawazo ukiwa ushapiga kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) za bati.

Hatua ya 5: Mbao na kenchi
Chukua mbao zilizokauka na zilizotiwa dawa, mbichi zitapinda na paa litapinda nazo. Kabla hujamwaga zege la lenta chomeka vipande vya nondo ya milimita 6 vya kufungia kenchi, kwa sababu upepo unanyanyua paa kutoka chini na msumari peke yake unachomoka. Kenchi ziachane kama mita 1.2, papi, zile mbao za kulala zinazopigiliwa bati, kama sentimita 90.

Hatua ya 6: Kuezeka
Anzia chini upande ule ambao upepo hautokei, ili upepo usiingie kwenye maungio. Bati la juu lilalie la chini sentimita 15 hadi 20. Msumari upige kwenye mgongo wa bati, usipige bondeni maji yanakopita, na uwe na mpira wake. Toa ukingo wa sentimita 60 nje ya ukuta, plasta na rangi vitadumu.

Hatua ya 7: Kagua kabla ya dari
Mchana wa jua ingia ndani, funga milango na madirisha, angalia juu. Popote unapoona nukta ya mwanga weka alama kwa chaki kwenye papi ya karibu, panda uzibe kwa silikoni, na bati lililotobolewa vibaya libadilishwe kabisa kabla gypsum (bodi ya dari) haijafungwa.