Mahubiri ya Jumapili Yasiishie Mlangoni pa Kanisa: Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu ni kwa Wakatoliki wa Uganda wanaosali kwa Kiswahili lakini Misa ya parokia yao ni ya Kiganda, Kinyankole, Kiacholi au Kiingereza. Ni wengi: wakimbizi Wakongo wa makazi ya Nakivale na Kyaka II, familia za kambi za jeshi, wafanyabiashara wa Busia na Malaba, wapangaji wa Katwe na Nsambya jijini Kampala. Nimeuandika baada ya kumsaidia mama mmoja wa jumuiya yetu, aliyetaka nimtafutie mahubiri ya Kiswahili kwenye simu kwa sababu yale ya kanisani hayaelewi. Nilikataa. Mahubiri ya kwenye simu hayana mwisho, na anayeyasikiliza hana padre wa kumwuliza swali. Kilichomsumbua ni kuingia kanisani bila kujua kitakachosomwa. Ukilijua somo tangu nyumbani, hata Kiganda cha kubahatisha kinaanza kufunguka.

Hatua ya 1: Jua tuko mwaka gani

Masomo ya Dominika huzunguka miaka mitatu: Mwaka A husoma zaidi Matayo, B Marko, C Luka. Yohane hupewa nafasi kubwa wakati wa Pasaka, na sura yake ya 6 huingia katikati ya Mwaka B. Gawanya mwaka kwa 3: ukigawanyika bila baki ni C, baki 1 ni A, baki 2 ni B. Basi 2026 ni A. Angalia tu kwamba mwaka wa Kanisa huanza Dominika ya kwanza ya Majilio (majuma ya kujiandaa kwa Krismasi), si Januari, kwa hiyo kuanzia Majilio tumia hesabu ya mwaka unaokuja. Siku za juma katika kipindi cha kawaida somo la kwanza lina mizunguko miwili tu: mwaka witiri ni I, mwaka shufwa ni II. Kalenda ya liturujia inayouzwa parokiani inakupa yote haya bila hesabu, nunua.

Hatua ya 2: Pata Biblia iliyokamilika

Hapa ndipo watu wengi hupoteza jioni nzima, kwa hiyo vumilia niseme kwa urefu.

Yule mama alikuwa anajiandaa kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Somo la kwanza lililopangwa kwa ajili ya Karoli Lwanga na wenzake ni 2 Makabayo 7:1-2, 9-14: mama na wanawe saba wanaokubali kufa kuliko kuivunja sheria ya Mungu. Alitafuta juu, akatafuta chini. "Katekista, hii kitabu haiko kwa simu yangu." Nikamwambia, "Mama, simu yako ni nzima, Biblia uliyopakua ndiyo pungufu."

Programu nyingi za bure za Biblia ya Kiswahili hubeba tafsiri ya Union Version, yenye vitabu 66. Ya Kikatoliki ina 73. Vinavyokosekana ni Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, na Makabayo viwili. Vilevile hukosekana sehemu za Esta na Danieli. Mwaka mzima unaweza usigundue, kwa sababu Injili zipo zote. Utagundua siku usiyotaka: Novemba, tunapowaombea marehemu na Hekima sura ya 3 inasomwa; au Jumatatu ya juma la tano la Kwaresima, inaposomwa habari ya Susana, mojawapo ya sehemu hizo za Danieli; au hapo Juni, wakati nchi nzima inatembea kwenye hija ya Mashahidi kuelekea Namugongo.

Kipimo cha haraka: fungua Danieli. Ikifika sura ya 14, umepata. Ikiishia ya 12, usikimbilie kuirudisha dukani. Matoleo mengine yaliyotayarishwa pamoja na ndugu Waprotestanti hukusanya vitabu hivi, na vipande vya Danieli na Esta, mahali pamoja kati ya Agano la Kale na Jipya. Tazama yaliyomo mwanzoni. Ukikuta kichwa "Deuterokanoni", ni sawa. Ila Biblia Habari Njema ipo ya aina mbili, yenye Deuterokanoni na isiyo nayo, kwa hiyo usinunue kwa kutazama jalada. Fungua palepale mbele ya muuzaji, ukurasa wa yaliyomo, utafute Makabayo.

Kisha Zaburi. Vitabu vya sala vya zamani vilifuata hesabu ya Kilatini, ambayo kwa sehemu kubwa iko nyuma kwa namba moja. "Bwana ndiye mchungaji wangu" ni ya 23 katika Biblia za leo, lakini ni ya 22 katika hesabu ile. Ukiona namba mbili, moja ikiwa mabanoni, ni zaburi ileile. Ukifungua ukakuta maneno mengine kabisa, sogea moja mbele kabla ya kulaumu kalenda.

Jambo la mwisho hapa: "7:1-2, 9-14" maana yake mistari ya 3 hadi 8 imerukwa. Kanisani hurukwa ili kufupisha. Nyumbani isome yote.

Mimi napendelea Biblia ya karatasi. Simu ina bando linaloisha na ujumbe wa WhatsApp unaoingia katikati ya Baba Yetu. Kama ni lazima utumie simu, zima data kwanza.

Hatua ya 3: Soma Alhamisi

Si Jumamosi usiku, wakati unapiga pasi nguo za watoto. Alhamisi inakuachia siku mbili za kutembea na somo kichwani.

Anza na Injili, soma polepole mara mbili, ya pili kwa sauti. Kaa kimya. Tafuta neno moja lililokugusa au kukuudhi. La kuudhi mara nyingi ndilo lenye kazi. Zungumza na Mungu juu ya neno hilo kwa Kiswahili chako cha kila siku, usitafute maneno ya padre. Halafu nyamaza tena. Ndiyo njia ambayo mmonaki Guigo aliipanga katika karne ya 12: kusoma, kutafakari, kuomba, kumtazama Mungu. Papa Benedikto wa 16 aliikumbusha mwaka 2010, akasisitiza kwamba haijakamilika mpaka izae tendo. Kwa hiyo maliza kwa kuamua jambo moja dogo lenye jina: kumpigia dada uliyenuniana naye, kurudisha ile elfu kumi.

Hatua ya 4: Kanisani, shika sentensi moja

Usiandike mahubiri yote. Anayeandika yote hasikilizi. Ingia na neno lako la Alhamisi, ungoje padre aliguse. Asipoligusa, mfuate nje baada ya Misa. Mapadre wengi hufurahi kuulizwa kitu kisichohusu michango. Papa Fransisko alisema Juni 2024 kwamba mahubiri yasizidi dakika nane. Kwetu tunajua hali ilivyo, basi chukua sentensi moja na hayo mengine uyasamehe.

Hatua ya 5: Pima na Katekisimu

Katekisimu ni kitabu cha mafundisho ya Kanisa. Ile kubwa, ya mwaka 1992, ina namba 2865 na sehemu nne: imani, sakramenti, maisha ya kimaadili na sala. Usianzie namba 1 kama riwaya, utachoka kabla hujafika kwenye sakramenti. Tafuta mada ya Jumapili: Ekaristi ni 1322 hadi 1419, kitubio 1422 hadi 1498, Baba Yetu 2759 hadi 2865. Jirani mlokole akikuuliza kwa nini mnawaombea wafu, fungua 1032, utaona imetegemea 2 Makabayo 12, na utaelewa kwa nini nilikaa sana kwenye hatua ya 2. Asiye na subira ya kitabu kikubwa achukue Kompendio, yaani ufupisho wake, ya 2005, maswali na majibu 598.

Hatua ya 6: Sala ya kila siku

Fumbo moja la rozari likisaliwa kwa utulivu linatosha kuanzia. Ungama. Ujumbe wa "tuma kwa watu kumi upate baraka" futa.

Hatua ya 7: Peleka kwenye jumuiya

Kuna wanaosema bila padre hakuna la kufanya. Wamisionari wa Afrika (Mapadre Weupe) waliofika Kigungu, karibu na Entebbe, Februari 1879 waliondoka Buganda mwishoni mwa 1882, wakarudi 1885. Karibu miaka mitatu hapakuwa na padre, na walei wakaendelea kukutana, kusali na kufundishana. Waliporudi walikuta kundi limekua. Kule Paimol, kaskazini mwa Uganda, Daudi Okello na Gildo Irwa walikuwa vijana wadogo tu, makatekista, Daudi akipiga ngoma alfajiri kuita watu kwenye sala na mafundisho. Waliuawa 1918, wakatangazwa wenye heri 2002.

Basi mkikutana, someni Injili ya Jumapili inayokuja, kimya cha dakika tatu, kisha kila mmoja aseme neno lake moja na kwa nini limemshika. Wapeni watoto nafasi ya kwanza, maana wakubwa wakishaongea watoto hurudia yaleyale. Anayejua Kiswahili kidogo aseme kwa lugha yake, atapatikana wa kumtafsiria. Mwiko ni mmoja, kuhubiriana. Daima kuna mzee mmoja anayesimama na kuanza, "Ndugu zangu wapendwa…" Mwacheni amalize pumzi ya kwanza, kisha kiongozi wa nyimbo aanzishe Aleluya kwa sauti kubwa.