Jinsi ya kutambua minyoo wadogo weupe wa udongo wa Rondo na Newala, hatua kwa hatua

Fukua majani yaliyooza chini ya miti mikubwa kule Rondo, Lindi, au chimba kidogo karibu na Shimo la Mungu pale Newala, Mtwara, mvua zikiwa zimekolea, utawaona: minyoo weupe wembamba, wengi hawafiki hata sentimita moja, wanajivuta na kujikunyata wakipigwa na mwanga. Mkulima wa korosho akiwaona anahisi amempata anayemmalizia mizizi. Mwanafunzi akiwaona anaandika "watoto wa nyungunyungu" na kuendelea na kazi. Mara nyingi si hivyo wala hivyo. Ni kundi linalojitegemea, familia ya Enchytraeidae, na chakula chao ni majani na mizizi iliyokwisha kuoza pamoja na kuvu na bakteria waliomo. Mkorosho ukinyauka kwa mnyauko fuzari, aliyeuua ni kuvu. Minyoo weupe utakaowakuta kwenye mizizi iliyooza wamefuata uozo.

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mdogo wangu mmoja wa chuo aliyekuja na mifuko ya udongo wa mlimani, akiwa na hadubini ya kawaida ya shule. Vifaa hivyo vinatosha. La kushika tangu mwanzo ni kwamba mnyoo huyu anatambuliwa akiwa hai. Ukimtia kwenye spiriti kwanza halafu ukapanga kumwangalia wiki ijayo, umeshampoteza.

Hatua ya 1: Kuchukua udongo

Nenda mvua zikiwa zimeingia barabara, kuanzia Januari mpaka Aprili. Huku kusini tuna msimu mmoja wa mvua; ukienda Septemba utakuta mchanga mkavu na minyoo wa kuhesabu, kwa sababu ngozi yao haistahimili ukavu. Rondo ni msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo omba kibali mapema. Vijijini pita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha kwa mwenye shamba.

Kata bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 5, noa ukingo mmoja kwa tupa, lididimize mpaka sentimita 10. Wengi wanakaa juu juu, kwa hiyo huna haja ya kuchimba shimo. Majani yaliyooza yaweke mfuko wake na udongo mfuko wake, maana spishi za kwenye majani mara nyingi si zile za ndani ya udongo. Chukua sehemu kadhaa zilizoachana: minyoo hawa wanakaa kwa mafungu, unaweza kukosa kabisa hapa na hatua mbili mbele ukakuta wamejaa.

Kama ni shamba la mikorosho, uliza kama linapuliziwa salfa ya unga na uandike jibu. Salfa inayoanguka chini inageuzwa na bakteria wa udongo kuwa asidi. Nyungunyungu wengi hawapendi udongo wenye asidi nyingi, ila minyoo weupe wengi wanauvumilia vizuri. Ndiyo maana shamba lililopuliziwa miaka mingi linaweza kukupa minyoo weupe watupu bila nyungunyungu hata mmoja. Pima pH kama una kipimo. Bila taarifa hiyo hutaweza kueleza kwa nini msitu na shamba vinavyopakana vina wanyama tofauti.

Hatua ya 2: Kusafirisha

Tumia deli lililooshwa vizuri. Kama lilibeba samaki, chumvi iliyobaki itawaua. Chupa za maji ya baridi ziviringishe gazeti, zisiguse mifuko. Usiweke udongo kwenye buti la basi.

Hatua ya 3: Kuwatoa kwenye udongo

Njia inayofundishwa sana ni ile aliyoieleza F. B. O'Connor mwaka 1955: udongo unawekwa kwenye chujio ndani ya faneli yenye maji, taa inawashwa juu yake, joto linaongezwa polepole kwa muda wa saa tatu, na minyoo wanalikimbia kwa kwenda chini. Ni njia nzuri kwa nchi za baridi. Kwa Lindi na Mtwara siipendi. Maji yetu ya bombani yameshakuwa vuguvugu kabla hujawasha chochote, taa inapandisha joto haraka, na wale wadogo kabisa wanafia ndani ya udongo kabla hawajatoka. Umeme ukikatika katikati ndiyo basi tena.

Mimi natumia njia isiyo na taa. Chukua bakuli la plastiki la rangi nyeusi, maana kwenye bakuli jeupe mnyoo mweupe haonekani. Wamba wavu wa dirishani, ule wa kuzuia mbu, juu ya pete ya bomba pana, uuweke ndani ya bakuli uinuliwe kidogo kutoka chini. Tandaza udongo juu ya wavu, usizidi sentimita 2, uumegemege kwa vidole bila kuuponda. Mimina maji taratibu pembeni mpaka yaufunike. Maji ya mvua au ya kisima ndiyo bora. Ya bombani yaache wazi usiku kucha klorini itoke. Weka mahali pa baridi, sakafuni, mbali na dirisha. Minyoo wataupenya wavu na kutua chini.

Baada ya saa 24 inua wavu, kusanya minyoo kwa pipeti, badilisha maji, rudisha wavu kwa siku moja nyingine. Usiache maji yaleyale siku mbili, yatakosa hewa na kunuka.

Hatua ya 4: Kutenga makundi

Mimina kilichotua kwenye kisahani na uangalie mwendo kabla ya umbo.

Anayejipiga kama herufi S huku na huku bila kurefuka wala kufupika, na mwili wake hauna pingili, ni nematodi. Ana misuli ya urefu tu, hana ya mzunguko, ndiyo maana hawezi kujivuta. Anayejivuta na kujikunyata, mwenye pingili, mweupe au anayepenyeza mwanga, huenda ndiye unayemtafuta. Anayeteleza kwa ulaini, bapa, ana ute na hana pingili, ni planaria. Mwenye ndoano nyeusi mdomoni au kichwa kigumu cha kahawia ni funza wa nzi au wa mdudu mwingine.

Anayechanganya ni mtoto wa nyungunyungu. Mwangalie damu: nyungunyungu mchanga kwa kawaida ana mshipa mwekundu mgongoni unaoonekana wazi, ilhali minyoo weupe wengi damu yao haina rangi. Wengi nimesema, maana wapo wachache wenye damu ya waridi au ya manjano. Kwa hiyo usiamue kwa damu peke yake, subiri hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Kumsoma akiwa hai

Hapa ndipo kazi yote ilipo, usiharakishe.

Weka tone dogo la maji katikati ya slaidi, mtie mnyoo mmoja, funika kwa kioo kidogo. Mara nyingi atakuwa anahangaika na kukimbilia ukingoni. Sasa chukua kona ya karatasi laini ya chooni, iguse kwenye ukingo wa kioo na uinyonye maji kidogo kidogo. Kioo kitashuka taratibu na kumlalia. Acha kunyonya pale tu anapobanwa kiasi cha kuweza kujivuta bila kusogea. Ukizidisha, ngozi itapasuka, utaona majimaji na chembe zikimwagika upande mmoja, na huyo hafai tena. Ukipunguza, atageuka kila unapokaribia kuhesabu. Kiasi kinachofaa utakijua kwa jicho baada ya kupasua kadhaa, kwa hiyo anza na wale usiowajali sana.

Zima feni. Chini ya feni slaidi inakauka huku umeinama kwenye lenzi, na kioo kinaendelea kumkandamiza bila wewe kujua. Weka kikombe cha maji na pipeti pembeni, na kila baada ya dakika chache gusisha tone ukingoni. Hadubini yenye balbu ya zamani inachemsha maji kwenye slaidi. Ile ya LED ni bora mara nyingi zaidi. Kama unayo ya zamani, zima taa kila unapoandika. Hadubini ya kutumia mwanga wa jua kupitia kioo inafaa pia, ila elekeza kioo kwenye anga nyeupe, usikielekeze kwenye jua lenyewe.

Anza na lenzi ya 4, nenda ya 10, halafu ya 40. Angalia kwa mpangilio huu, ukianza na vile vinavyopotea mapema. Kwanza rangi ya damu, na mshipa wa mgongoni unaanzia pingili gani. Pili chembe zinazoelea ndani ya mwili: umbo lake, ukubwa wake, zina punje ndani au hazina. Tatu ubongo, juu ya koo, nyuma yake pamebonyea au pamevimba. Nne tezi za koo, jozi kadhaa kuanzia pingili ya nne. Tano figo ndogo zilizo kwenye viwambo vya kati ya pingili. Vijinywele vigumu vya pembeni viache mwisho, kwa kuwa havipotei hata mnyoo akifa. Chora kila unachokiona. Picha ya simu kupitia lenzi ni ya msaada tu, maana inashika tabaka moja, nawe unahitaji kushusha na kupandisha lenzi ili uone mwili mzima.

Sasa kuhesabu pingili, jambo lililomlia mdogo wangu mchana mzima. Karibu kila sifa inatajwa kwa namba ya pingili. Ukikosea moja, kila kitu kinahamia kwa jirani na unaishia kwenye jenasi nyingine. Ncha iliyo mbele ya mdomo si pingili, usiihesabu. Pingili ya kwanza ni ile yenye mdomo, na haina vijinywele. Vijinywele vinaanza pingili ya pili, katika mafungu manne: mawili pembeni, mawili tumboni. Basi fungu la kwanza unaloliona ni namba mbili, la pili ni namba tatu, na fungu la nne liko pingili ya tano. Hapo pingili ya tano, kwa mnyoo mkomavu, ndipo vilipo vifuko viwili vya kuhifadhia mbegu za kiume alizopewa na mwenzake.

Endelea mpaka pingili ya 12. Hapa kuna mtego. Kwa mkomavu, pingili ya 12 kwa kawaida haina mafungu ya tumboni, kwa sababu ndipo palipo matundu ya kiume. Ukihesabu kwa kufuata mafungu ya tumboni pekee, utairuka bila kujua, na kuanzia hapo kwenda nyuma utakuwa nyuma kwa pingili moja. Hesabu kwa mafungu ya pembeni, kisha rudia kwa viwambo vya ndani. Hesabu mbili zikipishana, usizigawanye katikati. Anza upya kutoka mdomoni. Njia ya kujihakiki ni mshipi: ule unene wa ngozi wa mkomavu uko pingili ya 12 na 13. Mshipi wako ukiangukia 11 au 14, rudi mwanzo. Na ukimkuta mshipi umekaa nyuma zaidi, na vijinywele vyake vinakwenda viwili viwili, vimepinda kama S, na havizidi vinane kwa pingili, shuku kwamba umeshika nyungunyungu mdogo. Wapo wa jenasi Dichogaster ambao hata wakikomaa ni wadogo.

Asiye na mshipi ni mchanga. Mwandike kwa jenasi ukiweza, usimlazimishie spishi. Sampuli nzima ikikosa wenye mshipi, usifikirie umekosea msimu tu: zipo spishi zinazozaana kwa kukatika vipande, kama Enchytraeus fragmentosus iliyoelezwa mwaka 1959. Tafuta wenye kichwa kidogo kinachoota kwenye mwili mnene.

Hatua ya 6: Jenasi

Vijinywele vyote vya fungu vimenyooka na vina urefu sawa: anza na Enchytraeus, au Hemienchytraeus ambayo ni ya kawaida nchi za joto. Vya nje virefu na vya ndani vifupi, jozi ndani ya jozi: Fridericia, na utathibitisha kwa vitundu vya mgongoni vinavyoanza pingili ya saba. Hana kijinywele hata kimoja: Achaeta.

Kwenda chini ya hapo kuwe na tahadhari. Funguo nyingi za utambuzi, yaani maswali yanayokuongoza sifa kwa sifa mpaka kwenye jina, zinazopatikana zimeandikwa kwa minyoo wa Ulaya, na ufunguo hauna adabu ya kukwambia "huyu simjui". Utakupeleka kwenye jina fulani tu. Uwanda wa Makonde na Rondo zinapanda mpaka karibu mita 900, zimetengana, na udongo wake haujachunguzwa sana kwa wanyama hawa. Mimi naona ni heshima kubwa kwa mnyoo wa Rondo kuandikwa "Hemienchytraeus sp. 1", yaani spishi ya kwanza ambayo bado haina jina, na mchoro mzuri kuliko kubandikwa jina la mwenzake wa Ujerumani.

Hatua ya 7: Kuhifadhi

Ukimaliza kuchora, mtoe kwenye slaidi kwa kumwagia maji pembeni mpaka kioo kiinuke, kisha mtie kwenye spiriti. Ndani ya spiriti atageuka kama ute wa yai lililochemshwa, ndiyo maana mchoro ulitangulia. Kwa umbo, spiriti ya asilimia 70 inatosha. Kwa DNA tumia ya asilimia 95 au zaidi. Formalini usiiguse kama unawaza DNA, inaiharibu.

Mnyoo mmoja, kichupa kimoja, namba moja inayolingana na mchoro. Lebo andika kwa penseli na uitumbukize ndani ya kichupa, kwa kuwa wino wa kalamu unayeyuka kwenye spiriti na karatasi ya nje inabanduka: mahali, kijiji, vipimo vya GPS, mwinuko, tarehe, majani au udongo, kina, pH, salfa ndiyo au hapana, jina la aliyechimba na la aliyemsoma.