Somo: Hesabu mapigo kabla hujatoa dawa ya kuzuia beta

Habari za zamu, wauguzi wenzangu. Leo tushike dawa za kuzuia beta: propranololi, atenololi, bisoprololi na kavediloli. Adrenalini, homoni inayochochea moyo, hufanya kazi kwa kushika vipokezi vya beta, yaani sehemu za seli zinazoipokea: beta-1 vipo zaidi moyoni, beta-2 kwenye njia za hewa. Dawa hizi huwahi kukaa pale, moyo ukapiga polepole na presha ikashuka. Propranololi hukalia vyote viwili na huweza kubana njia za hewa, ndiyo maana mwenye pumu hapewi.

Hatua ya 1. Weka stethoskopu kwenye ncha ya moyo, uhesabu dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha. Asubuhi moja ya Julai hapa Moshi, chati ya bibi mmoja wa Kibosho ilisema 72. Nikamshika mkono, wa baridi kama maji ya mfereji. Nikasikiliza: 44. Ile 72 ilinakiliwa tu kutoka jana yake, na kidonge cha atenololi kilikuwa tayari kwenye kikombe. Nilikirudisha, nikamwita daktari.

Hatua ya 2. Pima presha. Wodi nyingi huzuia dozi mapigo yakiwa chini ya 60 au namba ya juu ya presha ikiwa chini ya 100, daktari akaarifiwa. Kama daktari ameandika kiwango kingine kwa mgonjwa huyo, fuata hicho.

Hatua ya 3. Kizunguzungu: aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo asimame.

Hatua ya 4, nayo naisisitiza sana. Siku ya kuruhusiwa, mwambie yeye na anayemtunza kwamba dawa haiachwi ghafla. Akijisikia nafuu husema "presha imepoa", anaacha. Moyo uliozoea kuzuiwa hukutana na adrenalini yote kwa mkupuo. Maumivu ya kifua na hata shambulio la moyo hutokea. Daktari ndiye huipunguza kidogo kidogo.

Maswali

Sista wa Arusha: Anayechoma insulini je?
Jibu: Sukari ikishuka, dawa huficha moyo kwenda mbio na kutetemeka. Jasho halifichiki. Ukimkuta amelowa, pima sukari hapo hapo.

Kaka wa zamu ya usiku: Akisahau dozi moja?
Jibu: Asimeze mbili kufidia.

Mwanafunzi: Mgonjwa akikana pumu, nitajuaje?
Jibu: Wengine huiita "kifua" tu. Muulize kama amewahi kutumia dawa ya kuvuta, halafu sikiliza mapafu. Ukisikia mlio wa filimbi, usitoe kabla ya kuongea na daktari.