Somo: Kuchagua kibodi isiyo na waya kwa wenye safari

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wengi wetu tunaovuka baina ya Unguja na Pemba kwa kazi tunategemea laptopu moja tu, na baada ya siku tatu za kuandika ripoti shingo inakaza. Kioo cha laptopu kimeshikana na vibonye, basi mikono ikikaa vizuri kichwa lazima kiiname. Ukiwa na kibodi ya pembeni, laptopu unaipandisha juu ya boksi au vitabu mpaka ukingo wa juu wa kioo ufike usawa wa macho, na mikono inabaki chini. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa, na ndiyo maana nasema mikono iamue kabla ya bei na rangi.

Hatua ya 1: Iandikie kabla hujailipia

Ukifika dukani Darajani, omba boksi lifunguliwe, unganisha kibodi na simu yako, kisha andika Kiswahili. Mimi huandika hivi: "Muuza ng'onda wa Ng'ambo kang'olewa jino." Sentensi hiyo ina ritifaa tatu, yaani ile alama ya ' kwenye "ng'", na ritifaa ndiyo inayoonewa zaidi kwenye kibodi ndogo. Kwenye kibodi ya kawaida ipo upande wa kulia karibu na Enter, kidole cha mwisho kinaifikia bila kuangalia. Kwenye baadhi ya zile zilizobanwa sana imehamishwa safu nyengine, au inataka ushikilie kibonye cha Fn kwanza. Niliwahi kununua moja kama hiyo kwa kuwa ilikuwa nyepesi mno. Nilipokuwa Wete naandika muhtasari wa kikao, kila nikifika kwenye "ng'" mkono ulisimama. Kibodi yenyewe ilikuwa nzima, ila haikutengenezwa kwa lugha yetu.

Hapo hapo angalia mpangilio. Kwenye mpangilio wa Marekani @ ipo kwenye kibonye cha 2. Kwenye wa Uingereza kibonye hicho kina alama za kunukuu, na @ imekwenda karibu na Enter. Za mtumba kutoka Ulaya zina mambo zaidi: ya Ujerumani imebadilishana Y na Z, ya Ufaransa ina A mahali pa Q. Jueni pia kuwa kompyuta haioni kilichochapwa juu ya kibonye. Inafuata mpangilio uliouchagua ndani ya kompyuta yenyewe. Ukibonyeza @ ikatoka alama nyengine, badilisha mpangilio huo kabla ya kumrudishia muuzaji mali yake.

Hatua ya 2: Bluetooth au kidude cha USB?

Bluetooth haichukui tundu la laptopu, na kibodi nyingi za aina hii hukumbuka vifaa zaidi ya kimoja. Logitech K380, kwa mfano, hukumbuka 3, unahama kutoka laptopu kwenda simu kwa kubonyeza mara moja. Kidude cha USB, kile unachokichomeka kwenye laptopu kipokee mawimbi ya kibodi, kinafanya kazi papo kwa papo hata kabla kompyuta haijamaliza kuwaka, lakini ni kidogo kama ukucha na hupotea safarini. Nunua yenye nafasi ya kukihifadhi ndani ya kibodi. Zipo zenye njia zote mbili, na kwa msafiri hizo ndizo ninazozipenda.

Hatua ya 3: Umeme

Unguja ilikaa bila umeme karibu miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, kwa hivyo suala hili silichukulii wepesi. Kibodi ya betri za AAA utaihudumia kwenye duka lolote la mtaani. Ya kuchaji nayo ni nzuri, mradi tundu lake liwe USB-C ili waya wa simu utoshe.

Hatua ya 4: Umbo

Isizidi upana wa laptopu yako, basi. Zile za kukunja zinaingia mkobani vizuri, ila nyingi hazitulii juu ya mapaja, zinataka meza.

MASUALI YA WANACHAMA

Wa Chake Chake: Kaka, yangu inaruka herufi nikichomeka diski ya nje. Imekufa?

Haijafa, Inshaallah. Kidude chako kinatumia mawimbi ya 2.4 GHz, na tundu la USB 3.0 likiwa na kazi hutoa kelele kwenye mawimbi hayo hayo. Hamishia kidude upande wa pili wa laptopu, au kitoe mbali kidogo kwa waya wa kurefusha.

Wa Mkoani: Mimi ni mhasibu. Nikikosa safu ya namba kulia, nitafanya nini?

Dada, usijinyime. Chukua kibodi fupi pamoja na kibao cha namba cha pembeni, utakitoa siku za hesabu tu.

Wa Mwanakwerekwe: Nakwenda Pemba kwa ndege. Niiweke kwenye begi kubwa?

Izime, uibebe mkononi. Betri za akiba za lithiamu, pamoja na pawabenki, hazitakiwi kabisa kwenye mzigo wa chini ya ndege.

Wa Nungwi: Imepigwa na maji ya bahari kwenye boti. Nimeianika juani.

Itoe juani, bibie, plastiki itapinda. Kama betri bado zimo, zitoe sasa hivi na usiiwashe kujaribu. Chumvi ikibaki ndani inakula shaba hata baada ya maji kukauka, kwa hivyo ipeleke kwa fundi aifungue na kuisafisha leo, usingoje wiki ijayo.