Kabla ya Kumpeleka Kijana Kambi ya Kutunza Kasa

Likizo ya katikati ya mwaka katika shule za Tanzania huangukia mwezi Juni, wakati ambapo viota vya kasa uziwa huwa vinaanguliwa katika fukwe za Mafia na Pangani. Mzazi anayetafuta kambi ambayo mwanawe atashiriki kazi za uhifadhi kwa mikono yake anaweza basi kuanzia pwani, lakini swali la kwanza, hata kabla ya ada, liwe hili: mnyama mwenyewe atashikwa kiasi gani? Kambi inayojitangaza kwa picha za vijana waliopakata watoto wa kasa ni ya kutiliwa shaka. Mtoto wa kasa huhitaji kutambaa mwenyewe kutoka kiotani hadi majini, na dawa ya mbu iliyopakwa mikononi mwa mtu inaweza kumdhuru.

Swali la pili ni nani anayesimamia mayai. Pangani kuna mfano mzuri. Kisiwa cha Maziwe kilikwisha miti yake miaka mingi iliyopita na sasa ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji yanapojaa, kwa hiyo mayai yanayotagwa huko huhamishiwa ufukwe wa Ushongo, ng'ambo ya bara. Kazi hiyo si ya kujifunzia. Yai likishakaa saa chache, kiinitete hujishika kwenye ganda upande wa juu, na ukiligeuza unaweza kukiua. Kina cha shimo na joto la mchanga navyo vina uzito wake, kwa kuwa mchanga wenye joto zaidi hutoa majike na wenye ubaridi hutoa madume. Uhamishaji ufanywe na wahifadhi wa kijijini waliofunzwa na wenye idhini, kama wale wanaoshirikiana na shirika la Sea Sense, linalofanya kazi katika pwani hii tangu mwaka 2001. Kijana abebe ndoo, aandike vipimo, asafishe ufukwe, na kiota kikishaanguliwa asaidie kukifukua ili kuhesabu maganda na mayai yaliyoharibika. Kazi hii ya mwisho inanuka vibaya kuliko watu wanavyodhani, na glavu ni za lazima.

Doria hufanyika usiku, nayo ndiyo inayoamua mavazi na vifaa. Kijana awe na nguo za rangi nyeusi au ya giza zenye mikono mirefu, sweta kwa ajili ya upepo wa kusi, viatu vilivyofunika vidole, na tochi yenye mwanga mwekundu, kwa sababu mwanga mweupe humfanya jike arudi baharini kabla ya kutaga na huwapoteza watoto wanaoifuata bahari kwa kuutazama mwangaza wake. Simu yenye kioo kinachowaka ina madhara yaleyale. Makubaliano kuhusu simu yafanyike nyumbani, kwani ufukweni saa saba za usiku hakuna mabishano yanayofaa.

Kuhusu afya, mambo ni yale ya safari yoyote ya pwani: chandarua, kadi ya bima, dawa anazotumia kijana pamoja na maelezo yaliyoandikwa, na jina la kituo cha afya kilicho karibu. Boti ndiyo ya kusisitizia. Kusi huichafua bahari katika miezi hii, na kambi isiyo na jaketi okozi linalomtosha kila kijana isipewe mtoto wa mtu, hata kama nahodha ni mzoefu.

Kijana aelezwe pia kwamba asile nyama ya kasa hata akikaribishwa kwa heshima. Mwezi Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watu tisa walifariki baada ya kuila, wanane kati yao wakiwa watoto.

Hatimaye, chagua wiki kwa daftari la viota. Mayai ya kasa uziwa huchukua takriban miezi miwili kuanguliwa, kwa hiyo kambi inayoandika tarehe ya kila kiota itakuambia kwa simu ni vipi vinavyokaribia; isiyoweza kukuambia huenda haina daftari hilo, na kijana wako atakesha siku tano akiutazama mchanga mtupu.