Kutengeneza deraya ya plastiki nyumbani na kuikalisha mwilini

Deraya ya plastiki, yaani vazi la kivita la kuigiza, hupendeza sana ikiwa mezani. Shida huanza ukiivaa. Rafiki yangu aliniletea yake ikiwa imekamilika, imekatwa kwa ustadi na kupakwa rangi ikang'aa, lakini akiwa ndani yake hakuweza kuketi wala kufikisha kikombe mdomoni. Ilibidi tubandue karibu kila kiungo na kuanza kupunguza upya. Ndiyo sababu mwongozo huu unakaa sana kwenye hatua ya kujaribisha vipande mwilini kabla ya gundi. Hatua nyingine nazipitia haraka, kwani aliyezoea kushika kisu na rula ataziweza.

Hatua ya 1: Plastiki

Nunua shiti za ABS, aina ya plastiki ngumu. Milimita 2 zitumie kwa kifua na mgongo, milimita 1.5 kwa mikono na miguu. Nyembamba kuliko hapo hupwaya unapotembea, na nene zaidi hukataa kukunjika. ABS inakatika vizuri, inashika gundi na rangi, na ukikosea kona unaiyeyusha kidogo na kuiziba.

Ukikosa ABS, bomba la PVC la maji taka linafaa. Lipasue kwa urefu, lipashe moto hadi lilegee, kisha lilaze kati ya mbao mbili mpaka lipoe. Bomba la kipenyo cha milimita 110 hutoa shiti yenye upana wa sentimita 33 hivi, inayotosha vigasha (kati ya kiwiko na kiganja) vya watu wazima wengi, lakini mara nyingi haitoshi miundi (kati ya goti na kifundo cha mguu).

Ndoo na madumu huwavutia wengi kwa sababu yana mviringo tayari. Achana nayo. Geuza chombo utazame namba iliyo ndani ya pembetatu: 2, 4 na 5 ni jamii ya polietilini na polipropilini, na plastiki hizo zina uso unaokataa gundi za kawaida na rangi. Utabandika leo, kesho kipande kiko sakafuni. PVC ina namba 3. ABS mara nyingi huingizwa kwenye 7, au huandikwa jina lake waziwazi.

Hatua ya 2: Pateni

Vaa nguo zilezile utakazovaa ndani ya deraya, pamoja na viatu. Mwenzako akuviringishe nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, juu yake abandike tepu mpaka ganda liwe gumu kidogo. Chora mistari ya vipande, kata kwa uangalifu, laza, kisha nakili kwenye manila.

Kigasha kipimwe ukiwa umekunja kiwiko na kukaza ngumi. Paja lipimwe ukiwa umeketi. Kwenye mzunguko wa kila kipande ongeza sentimita 2 hadi 3. Pima pia kulia na kushoto kila upande peke yake, kwa maana mikono miwili ya mtu mmoja hailingani, na andika upande ndani ya kila kipande kwa kalamu isiyofutika.

Hatua ya 3: Kukata

Kwa mistari iliyonyooka, weka rula ya chuma, pitisha kisu cha wembe mara tatu au nne bila kukandamiza sana, halafu kunja shiti kwenye mfereji huo. Itavunjika ikiacha ukingo safi. Kwa mistari ya kupinda tumia mkasi wa kukatia bati, uliopinda ncha.

Vifaa vya umeme vya kuzunguka kasi mimi sivitumii hapa. Joto la msuguano huyeyusha plastiki, nayo huganda tena nyuma ya diski na kuacha uvimbe, na vumbi lake si la kuvuta. PVC ya bomba ndiyo pekee inayonifanya nichukue msumeno, wa meno madogo, wa mkono.

Hatua ya 4: Kukunja kwa joto

PVC hulegea kwenye nyuzi 80 hivi za sentigredi, ABS kwenye 105 hivi. Ina maana maji yanayochemka yanatosha kabisa kwa PVC, na kwa ABS yanakaribia: hayaigeuzi uji, ila yanaifanya ikubali kupinda polepole na kushika umbo ukiibana mpaka ipoe. Kwa hiyo, kwa mikunjo ya kawaida ya mikono na miguu, napendelea beseni la maji ya moto kuliko kifaa cha hewa moto. Chovya, hesabu nusu dakika, toa kwa glavu nene, zungushia kwenye chupa au bomba lenye unene unaoutaka, funga kwa kitambaa, mwagia maji baridi.

Hewa moto iache kwa kona kali na midomo ya vipande. Usisimamishe mkono hata kidogo, kwani uso hung'aa, kisha hutoa malengelenge. PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wa macho na koo hugeuka asidi. Fanya kazi hii nje. Ukianza kusikia harufu kali, umeshazidisha.

Kifua kinachopinda pande mbili kwa pamoja usilazimishe kukitoa kwenye shiti moja. Kigawe vipande vitatu au vinne na uviunge.

Hatua ya 5: Kujaribisha kabla ya gundi

Hapa usiwe na haraka. Kila kipande kishikwe kwa tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, kwa sababu hubanduka bila kuacha unata. Gundi isifunguliwe mpaka deraya yote, kuanzia shingo hadi kifundo cha mguu, iwe imevaliwa pamoja kwa tepu na umeweza kuketi. Kipande kimoja kimoja kinaweza kukaa vizuri peke yake kisha vikagombana vikikutana, na ugomvi huo ndio unaokula siku nzima ukigunduliwa baada ya gundi kukauka.

Anza na kiwiliwili. Kifua na mgongo vining'inie mabegani kwa mikanda ya muda, tumbo liingie chini ya kifua kwa sentimita 3 au 4 ili uweze kuinama vipande vikiteleza kimoja juu ya kingine. Vikikutana ncha kwa ncha vitakubana ngozi mara ya kwanza utakapochukua kitu chini. Baada ya hapo nenda mapajani, kwa kuwa mapaja yananing'inia kwenye mkanda wa kiunoni na urefu wake hautajulikana kabla ya kiuno kutulia. Miundi ni ya mwisho, tena ukiwa na viatu, maana kisigino kinabadilisha kila kitu kuanzia goti kwenda chini. Mikono inaweza kufanywa wakati wowote baada ya kifua.

Sasa kupunguza. Kipande kikiwa kipana, usikate upande mmoja tu. Punguza kulia na kushoto sawasawa, milimita 3 hadi 5 kwa mara moja, la sivyo mstari au pambo lililokuwa katikati ya muundi litahamia pembeni na mguu utaonekana umepinda. Vaa tena, tazama, kata tena. Inachosha, najua, lakini plastiki uliyoikata hairudi.

Fikiria pia utaingiaje. Kigasha kinaweza kufungwa mzunguko mzima ikiwa kiganja, kidole gumba kikiwa kimekunjwa ndani, kinapita kwenye tundu la kifundo cha mkono. Paja nalo hupita juu ya mguu ukiunyoosha ncha, kabla ya kuvaa viatu. Muundi hauna bahati hiyo: kifundo cha mguu ni chembamba na wayo ni mrefu, kwa hiyo bomba linaloshika vizuri kifundoni halipiti wayoni. Acha mshono wa nyuma wazi ufungwe kwa Velcro, utepe wa kunatana na kubanduka. Hapa tu ndipo ninapoikubali Velcro, kwani mahali penye uzito huachia taratibu bila wewe kujua.

Viungo vya mwili ndivyo vinavyoleta maumivu. Nyuma ya goti, ukingo wa chini wa paja na ukingo wa juu wa muundi hukutana unapokunja mguu na kufinya nyama katikati yake. Kata kingo zote mbili kwa mkunjo kama mwezi mwandamo, ndani zaidi katikati, pembeni kidogo tu, ili kwa mbele zisionekane zimepungua. Fanya vivyo hivyo upande wa ndani wa kiwiko. Kwapani, kifua kikiwa kipana mno huwezi kukutanisha mikono mbele. Kata kwapa kwanza, usiguse bega.

Ili ujue hasa pa kukata, paka chaki nyeupe kwenye kingo zote, vaa juu ya nguo nyeusi, kisha jisogeze: keti, chuchumaa, panda ngazi, inua mikono juu ya kichwa, peleka mkono mdomoni, geuka kutazama nyuma. Vua deraya utazame nguo. Palipo na mstari mweupe mwembamba, ukingo umegusa tu, paache. Palipo na bapa jeupe lililosuguliwa, hapo plastiki ilikuwa inakandamiza, na hapo ndipo pa kukata. Rudia mpaka mabapa yaishe. Bila chaki utakata kwa kukisia, na mara nyingi utakata pasipohitajika, kwa sababu maumivu ya nyuma ya goti huweza kusababishwa na paja lililoning'inia chini mno, wala si ukingo kuwa mrefu. Kabla hujakata goti, pandisha paja kwa sentimita 2 kiunoni ujaribu tena.

Ukingo wa chini wa tumbo nao una tabia yake: ukisimama uko sawa, ukiketi unachoma mapaja na kusukuma kifua chote juu hadi kidevuni. Ukiona kifua kinapanda unapoketi, tatizo liko chini, kwenye tumbo. Punguza pale kwanza.

Mwisho wa hatua hii, ukiwa bado umevaa, mwenzako achore kwa penseli mahali kila kipande kinapopita juu ya kingine, pamoja na alama za kukutanisha mishono.

Hatua ya 6: Gundi

Natumia gundi ya polepole inayobaki na unyumbufu, kama E6000. Supagluu sipendi kwa kazi hii: inashika haraka lakini ni kavu, na ukijigonga mlangoni mshono unapasuka kwa mlio. Gundi ya polepole hunyumbulika na mwili, na siku ukitaka kurekebisha unaweza kuibandua bila kuvunja shiti.

Unganisha kingo mbili ncha kwa ncha, na kwa ndani bandika utepe wa plastiki ileile, upana wa milimita 20 hadi 25, urefu wa mshono wote. Sugua pande zote kwa msasa, futa kwa spiriti, paka, bana. Vibano vinafika pembezoni tu. Katikati tumia sumaku zenye nguvu, moja ndani moja nje, zikiwa zimefungwa tepu ili zisikwaruze. Acha saa 24 kabla ya kugusa, na siku tatu kabla ya kuvaa. Fungua madirisha.

Mianya midogo kwenye ABS izibe kwa uji wa ABS yenyewe: vipande vilivyobaki viloweke kwenye asetoni usiku mzima ndani ya chupa ya kioo. Asetoni hushika moto upesi, iweke mbali na jiko.

Hatua ya 7: Mikanda

Plastiki haitoboki kwa ajili ya mikanda ukinifuata mimi, maana kila tundu ni mwanzo wa ufa. Kata mkanda wa nailoni vipande vya mraba vya sentimita 5, toboa katikati kwa msumari wa moto ili nyuzi ziyeyuke zisifumuke, gongomea kifungo cha kubana, kisha bandika mraba huo ndani ya deraya kwa gundi ileile. Mkanda wenyewe uwe na kifungo mwenza kila ncha.

Mabegani tumia nailoni isiyovutika, kwa sababu hapo ndipo uzito wote unapolala. Kifua na tumbo, tumbo na kiuno, bega na mkono wa juu, vyote viunganishwe kwa lastiki pana ili vifuate pumzi na mwendo. Mapaja yaning'inie kwenye mkanda imara unaovaliwa ndani, chini ya deraya. Yakibebwa na tumbo yatalivuta na kuharibu kazi yote ya hatua ya tano. Bandika mraba wa pili wa akiba kando ya kila uliopo. Kimoja kikibanduka ukiwa umeshavaa, unahamisha mkanda na kuendelea.

Hatua ya 8: Msasa na rangi

Kingo zote zilainishwe zisikate nguo. Msasa namba 220, halafu 400, praima ya plastiki, kisha rangi ya kupuliza matabaka mengi mepesi. Ijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, kwani viyeyusho vya baadhi ya rangi hula ABS.

Deraya ikishakauka, itunze ikiwa imening'inizwa au imelazwa bila kitu juu yake, wala usiiache ndani ya gari juani. Joto la humo linaweza kufika kiwango cha kulegeza PVC, na muundi uliolegea chini ya uzito wa kifua hautarudi kwenye mguu wako bila beseni la maji ya moto.