Jumuiya ya wanawake inayotaka kubadilisha sera Zanzibar ianzie wapi

Jumuiya za wanawake katika shehia za Unguja na Pemba zinayajua vyema madhila ya wanachama wake: mke aliyeachwa akatoka na nguo zake tu baada ya miaka mingi ya kulima mwani na kujenga nyumba pamoja na mumewe, kesi ya udhalilishaji iliyofutwa kwa kukosa shahidi, mwanamke aliyetaka kugombea jimbo akaambiwa asubiri viti maalumu. Ugumu unaanza pale jambo hilo linapotakiwa kuandikwa kwa namna ambayo wizara au kamati ya Baraza la Wawakilishi inaweza kulifanyia kazi, na mwongozo huu unahusu kazi hiyo ya uandishi na ufuatiliaji.

Anzeni kwa kuutambua waraka mnaotaka ubadilike. Sera ya Jinsia ya Zanzibar ya 2016, iliyokuja baada ya sera ya 2001 ya hifadhi na maendeleo ya wanawake, inaeleza dhamira ya Serikali, lakini haimpeleki mtu mahakamani. Kazi hiyo ni ya sheria, kama vile Sheria ya Mtoto Nam. 6 ya 2011 na Sheria ya Adhabu Nam. 6 ya 2018. Mpango kazi hugawa majukumu na muda, na bajeti ndiyo inayotoa fedha. Shahidi anayeshindwa kufika mahakamani kwa kukosa nauli hahitaji sheria mpya. Anahitaji fungu la fedha na utaratibu wa kumlipa, na jumuiya itakayodai sheria kwa tatizo la aina hiyo itapoteza miaka.

Vilevile angalieni kama jambo lenu ni la Muungano. Ndoa, talaka, mirathi, ardhi na adhabu ni mambo ya Zanzibar yenyewe, ndiyo maana Sheria ya Ndoa ya 1971 inatumika Tanzania Bara peke yake. Jeshi la Polisi ni la Muungano. Kwa hiyo madai kuhusu dawati la jinsia na watoto kituoni hayamaliziki katika wizara ya jinsia iliyopo Unguja, na inabidi yafikishwe pia katika wizara ya Muungano inayosimamia mambo ya ndani.

Ushahidi ndio unaostahili kuchukua muda wenu mwingi. Kwa kila tukio andikeni tarehe liliporipotiwa, aliyelipokea, hatua iliyochukuliwa na mahali liliposimama: kwa sheha, kituo cha polisi, hospitali, ofisi ya mwendesha mashtaka au mahakamani. Matukio yakishapangwa hivyo, mtaona yanakwama mahali gani zaidi, na mahali hapo ndipo pa kuelekeza madai yenu. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar hutoa takwimu za udhalilishaji. Ziwekeni kando ya daftari lenu, kwa sababu tofauti baina ya yaliyoripotiwa na yaliyofika hukumuni ni hoja ambayo ofisa hawezi kuipuuza kirahisi. Pateni ridhaa ya mhusika, msiandike jina lake wala la mtoto, na kwa kuwa visiwa vyetu ni vidogo na watu wanajuana, ondoeni hata jina la shehia panapokuwa na hatari ya kumtambulisha. Muhali umewanyamazisha wengi, na mwanamke aliyethubutu kusema asije akaumizwa mara ya pili na wale waliomwahidi msaada.

Baada ya hapo tafuteni wenye taaluma. Jumuiya ya Wanasheria Wanawake Zanzibar, ZAFELA, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar wanaijua lugha ya sheria. TAMWA Zanzibar, yaani Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania upande wa Zanzibar, inajua kulifikisha jambo katika vyombo vya habari. Na kwa walioko Pemba ipo PEGAO, jumuiya ya kisiwani humo inayoshughulikia utetezi wa jinsia na mazingira. Andikeni waraka mfupi unaonukuu kifungu kilichopo, kueleza madhara yake, kupendekeza maneno mapya na kukadiria gharama. Maneno hayo yapimwe kwa uangalifu mkubwa. Sheria ya 1985 iliruhusu mwanamke asiyeolewa aliyepata ujauzito kufungwa jela; sheria ya 2005 iliondoa kifungo hicho na kuweka utumishi wa jamii. Hayo yalikuwa mafanikio ya kweli, lakini kwa maoni yangu yalibakia nusu, kwa sababu mwanamke huyo aliendelea kuhesabiwa kuwa mkosaji, na ndiyo maana inafaa mjue mapema mtakubali nini na mtakataa nini.

Msisubiri mswada ufike Chukwani, lilipo Baraza la Wawakilishi. Ukiwa bado wizarani, au suala lenyewe likiwa linachunguzwa na Tume ya Kurekebisha Sheria, sentensi nzima inaweza kubadilishwa. Ukishapita Baraza la Mapinduzi na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi, nafasi inayobakia ni ya marekebisho, hasa pale kamati ya Baraza inapowasikiliza wadau. Tangu mabadiliko ya Katiba ya 2010 viti maalumu vya wanawake ni asilimia 40 ya idadi ya wawakilishi wa majimbo, na hao ni washirika wa karibu. Hata hivyo, mfuateni pia mwakilishi wa jimbo lenu, awe mwanamume au mwanamke, kwa kuwa kura zenu anazihitaji.

Katika masuala ya ndoa na mirathi, hakuna njia inayowapita masheikh. Sheria ya Mahakama ya Kadhi Nam. 9 ya 2017, iliyochukua nafasi ya sheria ya makadhi ya 1985, iligusa mgawanyo wa mali ya wanandoa pale mchango wa kila mmoja unapothibitika, jambo ambalo watetezi walilisemea kwa miaka mingi. Pelekeni hoja kwa makadhi na Ofisi ya Mufti kabla ya kuitangaza, mkiwa na mwanamke msomi wa dini atakayeieleza kwa dalili za sheria ya Kiislamu, maana haki ya mke kumiliki mali yake imo ndani ya dini na haihitaji kuazimwa kwengine.

Mwisho ni fedha. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na Baraza hujadili bajeti katika miezi miwili inayotangulia, lakini wizara huanza kupanga mapema zaidi, kwa hiyo barua yenu iwafikie maofisa wa mipango kabla mwaka wa kalenda haujamalizika. Bajeti ikishapitishwa, ombeni kitabu chake, litafuteni fungu mlilolidai, na kila robo mwaka iandikieni wizara kuuliza kiasi kilichoingizwa na kilichotumika.